Pampu ya gari la zimamoto haitoi maji: soma geji kabla hujagusa vali

Gari limefika, mipira imetandazwa, na mshika nozeli anapiga kelele kwamba maji hayaji. Mikono ya waendesha pampu wengi hukimbilia akseleta kwanza, na hapo ndipo mambo huharibika. Pampu iliyokosa maji ukiiongezea kasi unaiumiza tu.

Kwenye paneli kuna vitu vitatu vya kusoma kwa pamoja: geji ya kunyonya (ile ambayo mshale wake unaweza kushuka chini ya sifuri), geji ya presha ya kusukuma, na kipima mizunguko ya injini. Vikisomwa kwa pamoja vitataja karibu kila tatizo lililoelezwa hapa. Kimoja peke yake hudanganya.

Angalia pia geji imeandikwa kwa kipimo gani. Kwenye vituo vyetu gari la Kijapani linalosoma MPa linaweza kupaki ubavuni mwa gari la Ulaya linalosoma bar na la Marekani linalosoma psi. MPa 1 ni bar 10, ambazo ni psi 145. Aliyezoea bar akiona 0.7 kwenye gari la Kijapani hudhani pampu imekufa, kumbe ni bar 7 kamili.

Injini inanguruma, geji zote zimelala

Nguvu ya injini haijafika kwenye pampu. PTO (gia inayopeleka nguvu ya injini kwenye pampu) haijaingia, au imeingia nusu. Kwenye magari yanayoingiza PTO kwa upepo, tazama kwanza geji ya upepo wa breki: mitungi ikiwa imeshuka, silinda ya kuingizia haina nguvu ya kusukuma gia hata ukibonyeza swichi mara kumi. Subiri upepo ujae. Kisha hakikisha breki ya mkono imevutwa, maana magari mengi yana kinga inayokataa kuingiza pampu kabla ya hapo.

Kwenye magari ambayo shafti ya kati hugawanywa kati ya magurudumu na pampu, kuna ushahidi mmoja mzuri ndani ya kebini. Pampu ikiwa imeingia sawasawa na gia iko mahali pake, spidomita husoma mwendo wakati matairi yamesimama. Ikisoma sifuri, nguvu haijapita. Ikisoma mwendo mdogo usio wa kawaida, huenda gia uliyoweka ni ya chini na pampu itazunguka polepole hata injini ikilia.

Gia zikisaga, rudisha injini kwenye sailensa (mzunguko wa chini bila akseleta), toa, subiri shafti isimame kabisa, ndipo uingize tena. Usilazimishe. Na weka vigingi kwenye matairi kabla hujashuka kwenda kwenye paneli. Gari lililoingizwa pampu nusu linaweza kuanza kutembea likiwa na mtu mbele yake.

Pampu inazunguka, tangi limejaa, presha haipandi

Mara nyingi ni hewa iliyonaswa ndani ya pampu. Pampu hizi hutupa maji nje kwa mzunguko wa impela (gurudumu lenye mapanga ndani ya pampu), na impela haiwezi kutupa hewa. Fungua vali ya kutoka tangini, fungua kidogo bomba la kurudisha maji tangini ili hewa ipate pa kutokea, weka injini karibu na sailensa, kisha endesha praima (kipampu kidogo cha kuondoa hewa) sekunde chache. Mshale wa presha ukiinuka na kutulia, funga bomba la kurudishia na endelea.

Presha isipopanda, panda juu ya tangi. Tundu la kupumulia likiwa limeziba, pampu inavuta maji huku tangi likitengeneza vakyumu (ombwe, nafasi iliyonyonywa hewa) juu yake. Presha huanza vizuri, kisha hufifia taratibu, na ukifungua mfuniko unasikia hewa ikiingia kwa mluzi. Tangi la plastiki linaweza hata kubonyea. Ukiwa huko juu, hakikisha maji yapo kweli, maana vihisi vya kina huganda na taa za paneli zikabaki kijani juu ya tangi tupu.

Sababu nyingine haihusu ubovu. Bomba kutoka tangini hadi kwenye pampu lina kikomo chake, na kwenye magari mengi kikomo hicho ni kidogo kuliko uwezo wa pampu. Ukifungua njia tatu na mzinga wa juu (nozeli kubwa iliyofungwa juu ya gari) kwa pamoja kutoka tangini, pampu itakosa maji ingawa limejaa. Funga njia moja, usikie presha ikirudi.

Hapo ndipo ile lawama ya mtaani, kwamba faya imekuja bila maji, hupata chimbuko. Tangi la lita 5,000 likilisha nozeli moja ya lita 475 kwa dakika linakwisha kwa dakika 10 na nusu. Nozeli mbili, dakika 5 na robo. Mwendesha pampu anatakiwa kuanza kutafuta maji mengine wakati ule ule anapofungua njia ya kwanza, iwe ni haidranti (bomba la zimamoto la mtaani), boza au kisima.

Kunyonya kutoka mtoni, kisimani au baharini

Hapa ndipo penye kesi nyingi, na ndipo geji ya kunyonya inapolipa fadhila.

Pampu haivuti maji. Inaondoa hewa kwenye mpira, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji juu. Usawa wa bahari uzito huo unaweza kuinua maji mita 10.3 kwa hesabu, lakini kwa vitendo usitegemee zaidi ya mita 7 hivi. Kila ukipanda mita 1,000 unapoteza mita 1 na kidogo. Kwa hiyo kina ambacho gari linamudu Tanga linaweza kukishindwa Mbeya au Nairobi, kwenye takriban mita 1,700, bila kitu chochote kuharibika. Kwa miji hiyo anza kuhesabu mita 5 na nusu kama mpaka wako.

Kila mita 1 ya kina kutoka uso wa maji hadi kitovu cha pampu ni takriban bar 0.1 ya vakyumu. Maji yakiwa yameshafika na njia zote zimefungwa, kina cha mita 3 kinapaswa kusoma kama bar 0.3. Namba hiyo ndiyo mizani yako.

*Praima inanguruma, geji imebaki sifuri.* Hewa inaingia mahali. Usihangaike na mipira yote kwanza. Gawa tatizo mara mbili. Fungua mpira wa kunyonya, funga mdomo wa pampu kwa kifuniko chenye gasketi nzima, endesha praima tena. Vakyumu ikipanda, pampu ni nzima na hewa inaingilia kwenye mpira. Isipopanda, kosa liko kwenye pampu au kwenye praima yenyewe.

Upande wa mpira, mkosaji wa kawaida ni gasketi ya koplingi (kiungio cha mpira): imekatika, imekauka, au imebaki kituoni. Wa pili ni koplingi iliyokazwa kwa mikono tu. Tumia spana yake. Pakaza povu zito la sabuni kwenye kila kiungio huku praima ikiendelea. Penye tundu, povu litamezwa ndani.

Upande wa pampu, pitia koki zote za kumwagia maji zilizo chini. Moja ikiachwa wazi baada ya usafi wa asubuhi inatosha kuua kazi yote. Kisha vali za kutolea maji, vali ya tangi, na vijibomba vyembamba vya geji.

Praima nazo zina tabia zake. Zile za zamani zenye vibao vinavyozunguka ndani na kopo la mafuta hukataa kuvuta kopo likikauka. Kopo hukauka lenyewe pale kitundu kidogo cha kuzuia mafuta yasifyonzwe kinapoziba kwa uchafu. Kizibue kwa waya mwembamba. Praima zisizotumia mafuta ni kinyume chake: ukizitia mafuta kwa nia njema, vumbi la vibao linageuka tope na vibao vinaganda. Praima ya umeme inayozunguka kwa uvivu, angalia betri na vichwa vya nyaya kabla ya kuilaumu, kwa kuwa inakula mamia ya ampea.

Kwenye pampu zenye uwezo wa chini ya lita 5,700 kwa dakika, maji yanatakiwa kufika ndani ya sekunde 30. Zikipita 45 na hakuna kitu, simama utafute sababu. Pampu ikizunguka kavu, sili ya shafti (kizuizi cha maji kuvuja) inaungua.

*Vakyumu inapanda sana, maji hayaji au yanakuja kidogo.* Kina ni mita 3, geji inasoma bar 0.7. Njia imeziba. Vuta chujio nje kwanza. Ziwa Victoria, upande wa Mwanza na Kisumu, magugu maji hufunika chujio kwa dakika chache. Dawa yake ni kulitia chujio ndani ya tenga la kusuka, likafungwa kamba na kuning'inizwa, ili majani yabaki nje ya tenga. Mtoni wenye mchanga, usiache chujio liguse chini. Liweke juu ya koleo au ngazi iliyolazwa.

Chujio likiwa safi, shuku utando wa ndani wa mpira. Mpira mzee huachana na utando wake. Vakyumu ikipanda utando unajikunja na kuziba njia, ukisimamisha pampu unarudi mahali pake kana kwamba hakuna kilichotokea. Mulika tochi upande mmoja na uchungulie upande wa pili, ukitafuta malengelenge.

*Maji yanafika, kisha yanakatika.* Tazama uso wa maji. Ukiona yanazunguka na kutengeneza shimo juu ya chujio, hewa inaingia kupitia hapo. Chujio linahitaji angalau sentimita 60 za maji juu yake. Maji yakiwa haba, punguza mtiririko, au weka ubao uelee juu ya mzunguko ule uuvunje.

Kisha tazama ulivyolaza mpira. Unatakiwa upande bila kushuka kutoka majini hadi kwenye pampu. Ukiupitisha juu ya ukuta ulio juu kuliko mdomo wa pampu, pale kwenye nundu panakaa mfuko wa hewa, na siku yoyote ukiongeza mtiririko mfuko huo unaingia kwenye impela.

Pwani kuna jambo la ziada. Kwenye gati la Dar es Salaam au Mombasa, siku za bamvua maji hupwa zaidi ya mita 3 ndani ya saa sita. Gari lililonyonya vizuri maji yakiwa yamejaa linaweza kukata maji saa chache baadaye kwa sababu bahari imeondoka chini yake. Geji itakuonyesha vakyumu ikikua polepole saa hadi saa. Ongeza kipande cha mpira mapema, usingoje chujio lichungulie hewa.

Na njia ya kwanza ifunguliwe polepole. Maji yakishafika, shikilia presha kama bar 3.5, fungua vali kidogo kidogo huku ukiongeza akseleta. Ukiifungua kwa mkupuo, nguzo ya maji inakatika na unaanza upya.

Kipimo cha vakyumu kavu, siku ambayo hakuna moto

1. Mwaga maji yote ya pampu, funga vali ya tangi na koki zote.
2. Funga midomo ya kunyonyea kwa vifuniko. Vifuniko vya kutolea maji viondoe, vali zake zikiwa zimefungwa, ili vali nazo zipimwe.
3. Endesha praima hadi bar 0.75 (inchi 22 za zebaki). Kwenye mita 1,700 kubali 0.63, maana hewa yenyewe ni nyepesi.
4. Zima praima na injini. Subiri dakika 5. Mshale usishuke zaidi ya bar 0.34.

Ukishuka zaidi, sikiliza. Injini ikiwa kimya, tundu hupiga mluzi na sikio hulipata haraka kuliko macho. Usipolipata, jaza pampu maji ya presha kutoka gari jingine na uangalie panapochuruzika.

Sauti ya kokoto ndani ya pampu

Pampu inasikika kama inasaga changarawe, mshale wa presha unatetemeka, na ukiongeza akseleta mizunguko inapanda lakini presha haipandi. Dalili hiyo ya mwisho ndiyo ya uhakika. Pampu inadai maji mengi kuliko yanayoingia. Maji yanachemka kwa vakyumu kwenye mdomo wa impela, na mapovu yanapopasuka yanakula chuma. Impela iliyoishi hivyo huonekana kama imetobolewa na mchwa.

Punguza akseleta mpaka presha ianze kushuka pamoja na mizunguko. Hapo ndipo kikomo chako cha maji kwa wakati huo. Ukitaka zaidi, rekebisha upande wa kuingilia: mpira mnene zaidi, mpira wa pili, au kina kifupi.

Kwenye haidranti dalili huwa ni mpira laini wa kuingizia kubapa. Usiruhusu geji ya kunyonya ishuke chini ya bar 1.4, la sivyo unaweza kuvuta uchafu kutoka kwenye mabomba ya mtaa mzima. Kabla ya kuunganisha, fungua haidranti sekunde chache itapike mchanga. Haidranti iliyokaa miaka bila kuguswa huwa na mchanga wa kutosha kuziba chujio la pampu.

Presha nzuri kwenye paneli, nozeli inatema mate

Pampu haina kosa. Presha inaliwa njiani, na msuguano huongezeka mara nne mtiririko ukiongezeka mara mbili. Kwa lita 475 kwa dakika, mpira wa milimita 65 hula takriban bar 0.7 kila mita 100. Kwa lita 950 hula 2.8. Mpira wa milimita 45 kwa zile lita 475 hula kama bar 5.5. Juu ya hapo, kila mita 10 za kupanda ni bar 1.

Chukua ghorofa la Kariakoo, moto uko mita 12 juu, mpira wa milimita 45 wenye urefu wa mita 60, nozeli inayotaka bar 7. Msuguano 3.3, kimo 1.2, paneli inatakiwa kusoma bar 11.5. Ukisukuma 7, mshika nozeli ana haki ya kulalamika. Afadhali kupeleka mpira wa 65 hadi mlangoni na kugawa hapo.

Kabla ya hesabu zote hizo, tembea kando ya mpira. Kuna tairi limeukanyaga, au umekunjika kwenye kona ya ngazi. Vituo vyenye magari ya mchanganyiko vina pia shida ya koplingi: Storz ya Kijerumani, Machino ya Kijapani na ile ya Kiingereza ya kuchomeka hazioani, na kiunganishi kilichochongwa gereji mara nyingi kina tundu jembamba kuliko mpira.

Rili ya presha kubwa (mpira mwembamba uliozungushwa kwenye gurudumu lake garini) ikidhoofu wakati njia za kawaida ziko sawa, safisha kichujio kidogo kinacholinda hatua ya presha kubwa.

Pampu ina moto kuliko mkono unavyovumilia

Nozeli zote zimefungwa na pampu bado inazunguka. Tuseme pampu ina lita 30 za maji na inapokea kilowati 20: maji yanapanda takriban nyuzi 10 kila dakika. Kutoka nyuzi 30 yanafika kuchemka kwa dakika 7. Atakayefungua nozeli baada ya hapo atapokea maji ya kuunguza, na sili itakuwa imeshaumia.

Fungua bomba la kurudisha maji tangini kila njia zinapofungwa, hata kidogo tu. Magari mengine yana vali inayofunguka yenyewe maji yakipata joto, na nyingi huganda kwa chokaa, zijaribu. Injini yenyewe ikipanda joto, fungua vali ya kupoza inayopitisha maji ya pampu kwenye kipoza joto, kisha angalia mapezi ya rejeta kama yamejaa vumbi. Kumbuka gari limesimama, hakuna upepo wa mwendo. Mfuniko wa rejeta usiguswe.

Povu jepesi au halipo

Kichanganyio cha mstari (kifaa cha njiani kwenye mpira kinachochanganya dawa ya povu na maji) na nozeli lazima ziwe za mtiririko mmoja. Kichanganyio cha lita 400 kikifungiwa nozeli ya 200, hakivuti dawa hata tone. Kinataka presha ya kama bar 7 kinapoingilia, na presha ya upande wa kutokea isizidi asilimia 65 ya hiyo, yaani 4.5. Ndiyo maana kinakataa mpira ukiwa mrefu mno, nozeli ikiinuliwa ghorofani, au ikifungwa nusu.

Vikiwa sawa, toa mrija wa kuvutia dawa uupulize. Dawa iliyokauka hugeuka gundi. Hesabu pia madumu. Kwa asilimia 3, kichanganyio cha lita 400 kinakunywa lita 12 kwa dakika, kwa hiyo dumu la lita 20 linakwisha kwa dakika 1 na sekunde 40. Mtu wa kubadilisha madumu awe tayari pale. Povu likifutika mara tu linapogusa spiriti, dawa si ya aina inayostahimili alkoholi, na kuongeza kiasi hakutasaidia.

Maji yanadondoka kwenye shafti

Inategemea sili. Ile ya kamba za kufungia inatakiwa kudondosha matone wakati pampu inafanya kazi, ndiyo yanayoipoza. Ukiikaza mpaka ikauke, shafti inachimbika. Sili ya mitambo haitakiwi kudondosha kabisa, na ikianza, ibadilishwe.

Baada ya maji ya bahari, pitisha maji baridi ya bomba kwenye pampu, praima, mzinga na kila njia iliyofunguliwa, dakika 10 na zaidi, ukifungua na kufunga kila vali katikati ya kazi hiyo. Chumvi hukaa nyuma ya vali iliyoachwa imefungwa, na vali hiyo ndiyo itakayogoma safari ijayo.